Kaleb wa Nyota Nne

Mlioniacha juma lililopita nimekalia ndoo nyuma ya jiko, nalia na kuvisingizia vitunguu, bado nipo. Sijafa, wala sijapona.

Kwa aliyelikosa gazeti: mimi ni Zuena, mama Munira, mzaliwa wa Misima kule Handeni, mjane, mpishi wa zamu ya jioni kwenye hoteli moja ya barabarani hapa Korogwe. Tangu mabasi yaanze kutembea usiku, jiko letu halizimwi mapema, na mimi narudi kwangu watu wameshalala. Mwaka mzima nilirudishwa na Mhina wa bodaboda. Kisha Mhina akatamka kwamba anataka kunioa. Nikacheka. Kosa langu lilikuwa hilo tu, kucheka, tena mbele ya kijiwe kizima.

Kesho yake Mhina hakuja. Nikajipeleka kijiweni, nikamwambia kijana wa kwanza anipakie.

Akatazama pembeni. "Wewe ni abiria wa Mhina, mama."

"Mhina amekataa kunibeba."

"Basi mpaka yeye mwenyewe aseme."

Nikamgeukia wa pili, naye vilevile. Hiyo ndiyo sheria yao: abiria wa mtu haguswi, hata kama mwenyewe hamtaki. Nikawa kama mke aliyeachwa bila talaka. Na kwangu ni nje ya mji, mpaka uyapite mashamba ya mkonge. Kwa miguu, usiku, peke yangu, nisingethubutu.

"Dada Zuena, una simu ya kupangusa unaitumia kutazamia saa," Agripina akaniambia. Agripina ni mhudumu wa pale hotelini, binti wa mlimani, Lushoto, ulimi wake haujui kupumzika. "Lete hapa. Siku hizi boda inaitwa kwa apu. Apu haijui wewe ni abiria wa nani."

Akanipakulia mbili. Moja inaitwa Nipeleke, nyingine Chapu. Akanielekeza: andika unakokwenda, ngoja bei, ngoja jina la dereva, kisha tazama nyota zake. Nyota tano ni malaika. Nyota mbili, andika wosia.

Nikadhani shida imekwisha. Kumbe nimeruka majivu nikakanyaga moto.

Nipeleke ikisema elfu nne, Chapu inasema elfu tatu. Ukiikimbilia Chapu, unakuta imeshapanda, na ile uliyoiacha ndiyo imeshuka. Nikawa nakoroga supu kwa mkono mmoja, mwingine unabonyeza huku na huku.

"Hizi zinasikilizana," nikamwambia Agripina.

"Hazisikilizani, dada. Basi la Arusha likiingia abiria wanashuka, wote wanaita, bei inaruka. Wewe ita kabla basi halijafika."

"Na chapati za watu wa basi atasukuma nani? Wewe na kucha zako hizo?"

Usiku wa kwanza Chapu ikaniletea mtu aliyeishiwa mafuta katikati ya mkonge, nikaisukuma pikipiki niliyoilipia. Siku iliyofuata Nipeleke ikaniletea aliyeghairi akiwa ng'ambo ya barabara. Namwona kabisa, anakunywa chai. Nikampungia mkono, naye akanipungia.

Lakini niwaambie ukweli. Si bei iliyokuwa inanikosesha usingizi. Aliyenikosesha usingizi ni Munira.

Munira ni binti yangu, fundi cherehani, na amechumbiwa. Mchumba anaitwa Sufiani, kijana wa Handeni mjini. Nikaambiwa ana duka la vipuri vya pikipiki. Siku alipoletwa kwetu Misima alikaa karibu na mlango, ameinamisha kichwa, akasemewa na mshenga wake, mzee Abdi, mwanzo hadi mwisho. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, mkeka mmoja hawaukalii pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo mkwe wangu nilimfahamu viatu tu. Vilikuwa safi, nikatosheka.

Yote hayo ni heri. Shari ni kwamba Munira ana mtoto.

Ni msichana, Mwanaidi, anakimbilia miaka minne, anaishi Misima na mama yangu mzazi. Baba yake alikuja na watengeneza barabara, na barabara ilipokwisha akaondoka nayo. Mume wangu alifariki mwaka uleule, kwa hiyo niliposema mtoto ni wangu, kitinda mimba niliyeachiwa na marehemu, watu walihesabu vidole wakaridhika. Mwanaidi mwenyewe nimemfundisha kuniita mama. Munira, mama yake wa kweli, anamwita dada. Mzee Abdi alipouliza idadi ya watoto wangu, nilijibu wawili, bila hata kupepesa.

Na Jumapili hii washenga wanakuja kupanga siku ya harusi.

"Mama, niache nimwambie Sufiani," Munira alinisihi mchana wa siku hiyo ninayowasimulia, uzi mdomoni, mguu juu ya cherehani.

"Ukimwambia, Jumapili hawaji."

"Wasije. Mimi nimechoka kuitwa dada na mwanangu."

"Umechoka? Nimembeba mimi, nimesemwa mimi, wewe umechoka? Ukiolewa, ukazaa wa pili, ndipo utamwambia. Mwanaume akishakuwa na mtoto wake ndani, haondoki."

"Na akijua mwenyewe?"

"Atajulia wapi? Tunaojua ni mimi, wewe na bibi yako. Munira, apa. Atakayeuliza, yeyote yule, Mwanaidi ni mdogo wako."

Akalia. Nami sikuondoka mpaka alipoapa. Nikaenda kazini na ushindi wangu, lakini ulinikaa tumboni kama ugali mbichi.

Usiku ule sikushika jambo likashikika. Nilitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Agripina akanitazama, akaichukua simu yangu, akabonyeza mwenyewe.

"Chapu, elfu tatu. Dereva Kaleb, nyota nne. Nenda kalale, dada, utatuulia wateja."

Kaleb akafika, helmeti imemfunika hadi kidevuni, sweta zito, kimya. Nikapanda. Barabara ya mkonge ina mashimo, nikamshika kiunoni kwa mikono miwili kama ninavyomshika dereva yeyote.

Sasa nielewe, msomaji. Moyo ulikuwa umejaa, na mbele yangu kuna mgongo wa mtu nisiyemjua. Na jina lake Kaleb. Nikajisemea, huyu ni Mkristo, Msambaa wa milimani. Neno langu likianguka kwake litapanda naye Usambara, Misima halitafika milele.

"Kaleb mwanangu, umeoa?"

"Bado, mama. Niko mbioni, Mungu akijalia."

"Basi nikuulize kama mwanaume. Umechumbia binti. Binti ana mtoto, lakini wewe hujui. Ungetaka kuambiwa kabla au baada?"

Akafikiri kidogo. "Kabla."

"Ukiambiwa kabla, ungeoa?"

"Inategemea nimeambiwa na nani."

Jibu hilo likanifungua. Nikasema yote. Mwanaidi, watengeneza barabara, marehemu, vidole vya watu, mzee aliyeuliza nikamjibu wawili. Simu ikawa inaita ndani ya pochi, nikaipuuza, maana kutua mzigo ni kutamu. Nikamwambia jinsi nilivyomwapisha mwanangu mchana ule, na jinsi alivyolia. Nadhani hata mimi nililia kidogo, kwenye sweta la watu.

Kaleb akapunguza mwendo. "Huyo binti anaitwa nani, mama?"

"Munira."

"Na kwenu ni wapi?"

"Misima."

Pikipiki ikayumba, ikasimama. Kaleb akashuka, akaacha taa inawaka, akaingia majanini, akasimama kunipa mgongo. Nikadhani anajisaidia. Nikageuka upande wa pili nimpe stara yake. Nikangoja. Haja gani hii isiyokwisha?

"Mama," akasema kutoka kulekule, "siwezi kuendelea."

"Unaumwa?"

"Hapana. Ita pikipiki nyingine. Nitasimama hapahapa mpaka ije."

"Unanishusha katikati ya mkonge? Kwa kosa gani? Kwa sababu binti yangu amezaa? Kumbe ninyi mkiambiwa ukweli ndivyo mnavyokuwa, halafu mnasema kabla, kabla. Nyota nne za nani hizi?"

 Hasira zikanipanda, nikatoa simu, nikafungua Nipeleke. Elfu sita. Nilitamani kuitupa, lakini nyingine ningeipata wapi? Ramani ikaonyesha dereva mmoja tu usiku ule, tena yuko karibu sana. Nikasema heri elfu sita kuliko mkonge. Nikabonyeza.

Simu ikaita majanini.

Nikatazama yangu. Imeandika: Dereva wako amefika. Chini yake picha ya kijana aliyevaa kofia ya kufuma, na jina, Sufiani Mwinjuma. Pikipiki namba ileile niliyokuwa nimeikalia.

Yule mtu akaizima simu yake mfukoni. Akavua helmeti, lakini hakugeuka. Akachuchumaa palepale kwenye majani.

"Shikamoo, mama," akasema.

 Nilishuka kwenye pikipiki ile kama niliyekalia kaa la moto. Kiuno cha mkwe wangu nimekishika tangu mjini. Sweta la mkwe wangu nimelilia. Siri ya mwanangu nimemmiminia mtu mmoja tu ambaye hakupaswa kuisikia, tena nimemlipa anisikilize. 

Hatukuwa na la kufanya ila kutembea. Kunipakia asingeweza tena, kuniacha asingeweza. Akaikokota pikipiki mbele, taa imewashwa, mimi nikafuata nyuma mbali kidogo, nimejifunika kanga usoni ingawa giza lilitosha.

Nilijikaza hatua chache. Kisha nikashindwa.

"Kaleb ni nani?"

"Rafiki yangu. Kaumia mguu, kaniachia akaunti yake. Kwa Nipeleke nina yangu."

"Na duka la Handeni?"

Magurudumu yakasikika yakisaga kokoto.

"Limefungwa tangu Ramadhani, mama. Usiku naendesha huku Korogwe ili wa kule wasinione. Mzee Abdi alisema tungoje harusi ipite."

"Kwa hiyo mmenidanganya."

"Ndiyo, mama."

 Angeweza kunirudishia langu mdomoni na hakunirudishia. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwita mwongo, nikakifunga. Ningemwitaje mwongo, nami nimedanganya vilevile?

"Sasa?" nikauliza. "Jumapili?"

"Jumapili iko mikononi mwa Munira." Aliongea taratibu, anaitazama njia. "Kesho nitakuja kwa mlango wa mbele, nitamuuliza kama ana jambo la kuniambia. Akiniambia kwa kinywa chake, yamekwisha. Mtoto ni mtoto, atalala tutakapolala. Nami nitamwambia la duka."

"Na asipokuambia?"

"Atakayenificha mtoto, mama, nitamwamini kwa lipi tena?"

Mkono wangu ukaenda kwenye pochi wenyewe. Nilichohitaji ni maneno mawili tu. Mwambie kweli. Munira angeyasoma, angefurahi, kesho angesema, na yote yangekuwa heri.

Sufiani akasimama. Hakugeuka, lakini alijua. "Nakuomba usimtumie ujumbe. Ukimtuma wewe, sitajua kama ni yeye."

"Sitamtumia."

"Apa, mama."

Tazama mambo. Mchana nimemwapisha mwanangu, usiku mtoto wa watu ananiapisha mimi. Nikaapa. Nilipokuwa nairudisha simu nikaona Munira amenipigia mara kadhaa. Nikaacha kumpigia, maana ningeisikia sauti yake tu, ningesema. Nikajipa moyo kwamba mpaka kesho kuna usiku mzima. Nitaamka mapema kabla ya swala, nitamkumbatia mwanangu bila kusema neno, labda ataelewa. Nilipanga hivyo nikiwa natembea, nikapanga tena, nikapangua.

Tukafika. Nyumba yangu haina uzio, ina mstari wa michongoma tu, na kwa kawaida saa zile huwa giza tupu. Usiku ule taa ya nje ilikuwa inawaka.

Sufiani akaishia kwenye michongoma. "Mimi naishia hapa. Usiku mwema, mama."

Ningemjibu, naye angeondoka, na leo ningekuwa nawasimulia mengine. Lakini mlango ukafunguliwa. Munira akatoka mbio, kanga mbili, kilio usoni.

"Mama, simu hushiki? Bibi kazidiwa. Mjomba kamleta hospitali ya hapa, akapitia kwetu, akasema Misima hakuna wa kubaki na..."

Akaiona pikipiki. Akamwona aliyeishika. Yeye huyo anamjua uso.

"Sufiani?"

"Mimi."

"Unafanya nini hapa? Na pikipiki ya nani?"

"Nitakueleza," akasema Sufiani. Lakini hakuwa anamtazama yeye. Alitazama mgongoni kwake, palipokuwa na mzigo umefungwa kwa kanga, na mguu mdogo umening'inia.

Mwanaidi alikuwa amelala.

Nilijua kinachokuja, na nilikuwa nimekula kiapo. Nikakohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu zaidi. Munira hakuelewa kikohozi.

"Huyo uliyembeba ni nani?" Sufiani akauliza, kwa upole kabisa, kama anayemfungulia mtu mlango.

Mwanangu alisita.  Miezi yote hii amekuwa akitamani aulizwe swali hilo, na sasa ameulizwa, na mimi nimesimama palepale. Akanitupia jicho mara moja. Akakumbuka alichoapa mchana.

"Mdogo wangu," akasema. "Mwanaidi. Kitinda mimba wa mama."

Sufiani akaisimamisha pikipiki kwenye stendi yake. 

"Munira," akasema, "nakuuliza mara ya pili, na ya tatu sitauliza. Mtoto huyu ni wa nani?"

Sauti zikamwamsha mtoto. Akainua kichwa begani kwa Munira, akapepesa kwenye mwanga, akanitafuta mpaka akaniona. Akanyoosha mikono yote miwili kwangu.

"Mama," akaita, kama nilivyomfundisha.

Munira hakumtazama Sufiani, hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi, machozi yanamtiririka, anangoja nimpe ruhusa.